Bei ya Mtumbwi na Shida ya Mwuzaji



Vijana watatu wa hapa Shituru walichanga fedha, wakaenda Kapolowe, kando ya Ziwa Tshangalele, kununua mtumbwi wa mbao uliokwisha kutumika. Mzee mvuvi alitaka dola 150. Wao walitoa 80, wakashinda mchana kutwa wakiushutumu mtumbwi: umeoza, umepinda, hautamaliza mwaka. Uvuvi ulikuwa umefungwa, na mzee alikuwa na mjukuu mgonjwa. Jambo hilo walilijua. Jioni akakubali. Njiani wakarudi wakicheka na kuusifu mtumbwi wao.

Baadaye mmoja wao aliniuliza: “Mwalimu, tulipatana, naye akapokea fedha kwa mkono wake mwenyewe. Kosa letu liko wapi?”

Kubishania bei si dhambi. Mwuzaji huanzia juu, mnunuzi huanzia chini, na kila mmoja anaijua desturi hiyo. Lakini Kitabu cha Mithali (20:14) kinamwonyesha mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya mwenyewe, kisha akajisifu akiisha kuondoka. Naye Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alipozungumzia mshahara, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaleti haki: mtu anayekubali kidogo kwa kuogopa balaa kubwa zaidi ametendewa kwa nguvu. Naona neno hilo linafaa pia ufukweni.

Mtaniambia kwamba uvuvi ukifungwa mitumbwi yote hushuka bei. Ni kweli, wala hiyo si hila. Bei ya majira ni ya watu wote. Lakini ugonjwa wa mjukuu si kasoro ya mbao. Haukuwa na haki ya kuingia katika hesabu.

Basi bei zikigongana, uulizeni kwanza mtumbwi wenyewe. Ushusheni majini, mtu apande, mngoje mwone maji yanaingilia wapi. Zidungeni mbao za chini kwa ncha ya kisu, kwa maana ubao uliooza hauzuii kisu. Mwiteni fundi anayekubaliwa na pande zote mbili, ataje gharama ya matengenezo, nanyi mwiondoe katika bei ya mtumbwi mzima. Semeni mapema kama mtalipa kwa dola au kwa faranga, na kwa kiwango gani. Mwuzaji naye afunue kasoro iliyojificha, maana mtumbwi mbovu unaweza kuua. Mkishindwana, agana kwa amani. Kushindwana bei si uadui.

Vijana wetu walimwita fundi baada ya kununua. Aliwaambia kwamba mtumbwi mzima wa namna ile, kwa majira haya, ni dola 140, na kubadili mbao mbili ni dola 30. Bei ya haki ilikuwa basi 110, nao walilipa 80. Nimewaambia wazi maoni yangu: wanadaiwa dola 30, hata kama hakuna hakimu atakayewaita.

Mmoja amekubali. Wawili wanasema biashara imekwisha. Jadilianeni katika kikundi chenu, lakini msikawie: mzee yule anamwuguza mjukuu wake, na Kapolowe si mbali.