Anayepokea Mchango

Karagita ni mtaa wa watu waliofuata kazi. Mashamba ya maua ya Ziwa Naivasha yamewaleta hapa, kando ya barabara ya Moi South Lake, kutoka Nyanza, Magharibi, Kisii na Mlima Kenya. Mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, majirani waligeukiana. Tarehe 27 watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja mjini Naivasha, na maelfu wakakimbilia kituo cha polisi na gereza.

Mapema mwezi huohuo mwanablogu Ory Okolloh aliomba hadharani wataalamu wa kompyuta wasaidie kuweka ghasia hizo kwenye ramani. David Kobia, aliyekuwa Marekani, aliandika programu kwa siku chache. Juliana Rotich na Erik Hersman wakashiriki. Hivyo ndivyo Ushahidi ilivyozaliwa, ikipokea taarifa kwa SMS na intaneti. Baadaye waliuachia ulimwengu msimbo wake, na tetemeko lilipoipiga Haiti mwaka 2010, watu wa kujitolea waliutumia kuonyesha waliohitaji kuokolewa.

Uchungu uliwakusanya watu hao, lakini uchungu haumkalishi mtu kazini miaka kumi. Wengine husukumwa na haja yao wenyewe: OpenMRS, inayotunza rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006 kwa sababu kliniki za UKIMWI zilikuwa zimelemewa na rekodi hizo. Wengine wanataka kujifunza, kujulikana au kuajiriwa. Simlaumu kijana wa mtaa huu anayerekebisha programu huria akitumaini mwajiri ataiona kazi yake. Nia hiyo ni halali kabisa, na toleo hili linaitetea.

Swali gumu ni lile la ushirikiano. Katika chama cha kuchangiana kwa zamu, asiyetoa mchango wake wa wiki anamwumiza mwenzake ambaye zamu yake imefika. Programu haiko hivyo, kwa maana hata ikinakiliwa na watu milioni haipungui. Kinachopungua ni muda wa mtunzaji, yule anayesoma marekebisho ya wengine, anayeyajaribu, anayeeleza kwa heshima kwa nini hili limekataliwa. Tunawasifu wanaoandika na kumsahau anayepokea.

Mwaka 2024 tuliona gharama yake. Programu ya xz, iliyomo katika kompyuta nyingi za Linux, ilitegemea mtunzaji mmoja aliyechoka. Mtu aliyejiita Jia Tan alimsaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliugundua baada ya kushuku ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde. Wengi waliitumia xz, na karibu wote hawakumuuliza mtunzaji hali yake.

Kwa hiyo kurasa zinazofuata tumewapa watunzaji kwanza. Na tunadai jambo moja: hospitali, vyuo, kampuni na serikali za kaunti zinazotumia programu hizi ziwatengee wafanyakazi wao saa za kulipwa, kila wiki, za kukagua michango ya wengine na kuwajibu wageni. Kijana wa Karagita aliyetuma rekebisho lake la kwanza asikae miezi akingoja jibu kutoka kwa mtu anayefanya kazi hiyo usiku, baada ya ajira yake ya mchana.