Wanaosema hatusomi, watuonyeshe kwanza kitabu

Mmeshajiandikisha, mmeshapanga foleni benki, na bila shaka mmeshausikia ule wimbo wa wakubwa: « Batoto ba leo habasomake, beko tu ku telefone. » Mtausikia nyumbani, kanisani, redioni. Na siku ya kwanza mtausikia kwa profesa mwenyewe, kwenye mikro ambayo haisikiki kuanzia mstari wa kumi.

Sisi tunasema hivi: ni uongo, tena ni uongo wenye kumfaidisha mtu.

Tumwangalie huyu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza vile anaishi. Anaamka saa kumi na moja kusudi apate mahali pa kukaa, juu promosioni iko na watu mamia na viti havitoshi. Wengine wanaandika wamesimama dirishani, kaye juu ya goti au juu ya mgongo wa mwenzake. Kisha shefu wa promosioni anapita na listi. Silabusi ya kozi hii dola 5, ya kozi ile dola 10, na jina la asiyenunua linabaki bila alama, kila mtu analiona. Hakuna anayesema kwa sauti kwamba listi itafika mpaka kwenye pointi. Hakuna haja ya kusema. Wizara imeshaikataza hiyo biashara, biashara iko inaendelea.

Na ndani ya silabusi kuna nini? Sisi tuliomaliza tunaweza kushuhudia. Fotokopi ya fotokopi, mwaka wa zamani umefutwa na mwaka mpya umeandikwa juu yake kwa bik. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna majina ya vitabu ishirini, thelathini, na maktaba haina hata kimoja. Siku ya mtihani wanauliza sentensi ya ukurasa fulani kama ilivyo, na yule aliyeleta wazo kutoka kitabu kingine anakatwa pointi. Mtoto anafundishwa mapema kabisa kwamba kusoma zaidi ni hasara. Halafu tunamshangaa?

Kuna jambo ambalo wengi wa mwaka wa kwanza hawaelezwi. Mfumo wa LMD, huu ulioenea kwenye vyuo vyetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu krediti 60 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 25 za kazi. Fanya hesabu: saa 1,500. Sehemu ya hizo saa si za kumsikiliza profesa, ni za mwanafunzi kufanya kazi mwenyewe: kusoma, kutafuta, kuandika. Kwa maneno mengine, sheria ya masomo yenyewe inamdai mwanafunzi asome. Sasa tuko na swali moja tu: asomee wapi? Maktaba inafungwa mapema, wakati kozi za mchana bado ziko zinaendelea. Nyumbani umeme umekatika, na mu chumba kimoja kuna wadogo zake wanne. Kitabu hakuna. Kilichobaki ni nini? Telefoni.

Njo maana anaishika. Wanafunzi wanachanga, wananunua silabusi moja, wanaipiga foto ukurasa kwa ukurasa, wanaitupa kwenye grupu ya WhatsApp. Wengine wanatafuta PDF usiku, saa mega ziko bei nafuu. Huko si kupoteza wakati. Hiyo ndiyo maktaba ambayo watoto wa watu wasio na kitu wamejijengea wenyewe, na njo hiyo asistanti anaikataza, eti inaharibu haki za mwandishi. Mwandishi gani?

Tutoe mfano mmoja. V. Y. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, akafundisha Lubumbashi kabla ya kwenda kuishi ng'ambo. Kitabu chake juu ya vile Ulaya ilivyojitengenezea « Afrika » yake, kilichotoka mwaka 1988, kinasomwa mu vyuo vikuu dunia nzima. Kijana wa Likasi yeye anaweza kumaliza lisansi bila kukishika. Wengi walikutana na jina lake mara ya kwanza kwenye stati za WhatsApp mu Aprili 2025, alipokufa. Mtu atuambie hapo mwenye kosa ni WhatsApp.

Serikali yenyewe inajua vijana wanasomea wapi. Januari 2015, watu walipoandamana kupinga sheria ya uchaguzi, walikata intaneti. Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 walikata tena, karibu wiki tatu. Hakuna siku hata moja walituma askari kufunga maktaba kusudi inchi inyamaze. Wangefunga nini?

Sasa msifikiri tunaipigia TikTok makofi. Tunajua inavyomeza usiku. Tunajua pia wale wanaotumiwa mega na wanasiasa kusudi wamtukane mpinzani kutwa nzima, wengine wako kwenye mwaka wa kwanza na wanaiita kazi. Lakini angalieni vile mitandao inauzwa: forfe ya bei ndogo inafungua video na mazungumzo tu. Ukitaka kufungua tovuti ya vitabu au kushusha PDF nzito, inabidi ununue mega za bei kali. Mwenye franka chache anasukumwa kwenye kucheka na kucheza, na wanaomsukuma ndio wanaomwita mvivu.

Tuko na madai, na tunayasema wazi. Silabusi ziwekwe mtandaoni bure, maana profesa analipwa mshahara ili afundishe, na kama mshahara hautoshi aidai serikali, tutamuunga mkono. Asimdai mtoto wa mama muuza makala. Listi za wanunuzi zikomeshwe. Maktaba zibaki wazi mpaka saa tatu ya usiku, na pesa ya maktaba tunayolipa ndani ya minervali ionyeshwe imenunua vitabu gani. Tovuti za vyuo na za vitabu zifunguke hata kwa forfe ndogo. Mwaka 2020 walianza kutukata uniti kwa jina la RAM. Watu walipiga kelele, sana sana kwenye hii mitandao wanayoidharau, na mwaka 2022 ile kodi ilifutwa.

Wewe wa mwaka wa kwanza, listi ikifika mbele yako wiki hii, usisaini peke yako na usikatae peke yako. Mketi wote kumi, ishirini wa mstari wenu, mwandike barua moja kwa dekano, mkiomba ile barua ya wizara inayokataza ibandikwe mlangoni. Nakala mtutumie sisi. Listi yenyewe mpigeni foto, majina ya wanafunzi myafunike.