Jina Moja, Mafaili Mawili

Diski ya seva inayotunza hifadhidata inapokaribia kujaa, fundi hutafuta cha kufuta, na jicho lake huangukia mafaili yaitwayo logi. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa maana jina hilo hubeba vitu viwili visivyofanana. Logi ya kwanza ni shajara tu: mtumiaji fulani aliingia saa fulani, hitilafu fulani ikatokea. Ikipotea, zimepotea habari za jana. Logi ya pili ni kiungo cha hifadhidata yenyewe. Kila badiliko huandikwa humo kwanza, ndipo liingizwe katika majedwali. Umeme ukikatika ghafla, seva iwakapo tena husoma humo na kukamilisha yaliyoachwa njiani. Ikifutwa, huenda hifadhidata isiwake kabisa.

Katika PostgreSQL, programu iliyotokana na mradi wa mwaka 1986 wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, logi hiyo ya pili ilikaa miaka mingi katika saraka iitwayo pg_xlog. Wako waliofuta mafaili yake wakidhani wanaondoa takataka. Mwaka 2017, katika toleo la 10, saraka hiyo ilipewa jina jipya, pg_wal. Yawezekana mtu akasema kuwa fundi asiyesoma maelezo hastahili huruma. Hoja hiyo ni dhaifu. Mafuta ya taa yakitiwa katika chupa ya soda, halaumiwi mnywaji peke yake.

Kiswahili hakina sababu ya kurithi kosa hilo. Walimu wa kompyuta na waiite ya kwanza shajara, na ya pili daftari la mabadiliko.

Hata shajara haifai kufutwa ovyo wakati seva ikifanya kazi. Katika mitambo ya jamii ya Unix, amri ya kufuta huondoa jina la faili tu. Maadamu programu bado imelifungua, nafasi ya diski hairudi, na fundi hubaki akishangaa. Lililo salama ni kulibadili jina faili la zamani, kuiamuru programu ifungue jipya, kisha kulihamisha lile la zamani. Daftari la mabadiliko liachiwe programu yenyewe, ambayo huyaondoa mafaili yasiyohitajika tena. Yakirundikana, itafutwe sababu: pengine kazi ya kuyanakili kwenye hifadhi ya akiba imekwama, au seva ya pili imeacha kuyapokea.