Asilimia 38 iliyotudanganya

Leo naongelea betri. Naomba msikimbie, maana habari hii ilishamkosesha mwenzetu mmoja nafasi ya shule.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi. Huyo dada alikuwa anaandika barua yake kwenye moja ya zile laptop nzee tulizopewa na shirika fulani. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa ziwa tangu asubuhi, sola haina nguvu. Akaniuliza, "Kaka, chaji itatosha?" Mimi volontia, mjuaji, nikaangalia pale chini kwenye kona: asilimia 38. Nikamwambia, andika tu dada, bado sana. Hazikupita dakika kumi, kioo kikawa cheusi. Hakuna onyo, hakuna mlio. Barua ilikwenda, na umeme uliporudi kesho yake muda ulishapita.

Mimi ndiye niliyesema andika tu. Ndiyo maana nikaanza kutafuta sababu.

Kumbe ile namba kompyuta haiioni kwa macho. Ndani ya betri kuna chipu inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama mtu wa stoo anayeandika magunia kwenye daftari bila kufungua mlango. Betri ikizeeka magunia yanapungua, ila daftari bado linasema ya zamani. Programu inasoma daftari, inatuonyesha asilimia. Halafu ukifungua kitu kizito, volti za betri iliyochoka zinaanguka ghafla na mashine inazima. Windows kwa kawaida inaonya kwenye asilimia 10 hivi. Sasa mashine inayokufa kwenye 38, hiyo 10 itaifikia lini?

Wavuvi wa chisense pale Kashikishi wanatushinda. Taa ya betri ikianza kufifia usiku ziwani, wanaiona wenyewe.

Msimamo wangu ni huu: anayetuletea kompyuta za zamani asihesabu mashine, ahesabu dakika. Picha za makabidhiano zinapigwa, ripoti inasema laptop kadhaa zimefika Nchelenge, sawa. Lakini hapa Mantapala, ambapo tangu makazi yafunguliwe 2018 wengi wetu tunategemea sola, laptop isiyoshika chaji ni sahani bila ugali. Najua kuna watakaosema, mmepewa bure, mnachagua tena? Sichagui, nashukuru kabisa. Nataka tu ukweli wa betri ujulikane kabla mtu hajaiwekea tumaini lake.

Na kuujua si kazi. Kwenye Windows 8 na zilizofuata, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti na kukuambia imeihifadhi wapi. Tafuta mistari miwili tu: DESIGN CAPACITY, yaani mzigo betri iliyoubeba ikiwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, mzigo inaoubeba sasa. Kwa mashine ya yule dada, wa pili haukufika hata robo ya wa kwanza. Lakini hata ripoti hiyo inatoka kwenye daftari lile lile, kwa hiyo pima pia kwa saa ya mkononi: chaji mpaka 100, chomoa, acha video icheze mpaka izime yenyewe, andika dakika na asilimia iliyofia. Ukichaji tena mpaka ijae, mara nyingi chipu inasahihisha daftari lake kidogo. Betri yenyewe haiponi, tusidanganyane. Fanyeni siku ya jua kali, maana inakula umeme.

Ukishajua inafia 38, ingia kwenye mipangilio ya umeme, weka onyo kwenye 50 na kiwango cha hatari kwenye 45, uchague mashine ihifadhi kazi kwenye diski ndipo ijizime.

Mfanyakazi mmoja wa misaada aliniambia dawa ni kusevu kila mara. Ni kweli, seveni. Ila barua iliyosevwa ndani ya mashine iliyozima haitumiki kwa imeli, na siku ya mwisho ni siku ya mwisho.

Mpaka sasa nimepima mashine tano, namba zake nimebandika kwa karatasi juu ya mfuniko. Mbili ni za kutumia zikiwa zimechomekwa tu. Zimebaki saba, na nitazipima Jumamosi kama jua litatoka. Anayeweza kuja na saa yake aje, na yule dada ameshasema atakuja.