Barakoa ni Mali ya Nani?

Mchumia juani, hulia kivulini. Ndivyo tuambiwavyo, na ndivyo inavyostahili kuwa. Lakini huko Meksiko wamo wanamieleka wanaochumia juani, na kivulini akala mwingine.

Mieleka ya nchi hiyo ilipata kampuni yake kubwa ya kwanza mwaka 1933, na haikuchukua muda barakoa zikaonekana ulingoni. Tangu hapo barakoa imekuwa heshima ya mtu. Wapinzani wawili huweza kuziweka dau barakoa zao. Ashindwaye huvuliwa mbele ya umati, na jina alilopewa na wazazi wake likatangazwa. Desturi hiyo ni kali, lakini haina hila, maana hutendeka ulingoni na macho ya watu yanaona.

Urithi nao una njia yake njema. El Santo, aliyeanza kuvaa barakoa ya rangi ya fedha mwaka 1942, alizikwa nayo mwaka 1984. Mwanawe hakujifanya baba; alijiita El Hijo del Santo, yaani Mwana wa Santo. Jina lenyewe lilisema kweli.

Linganisheni na haya. Mwaka 1992 kampuni iitwayo AAA ilimvika Adolfo Tapia mavazi yaliyochorwa mifupa, akaitwa La Parka, yaani Mauti. Alicheza ngoma ulingoni, umati ukampenda. Alipokwenda Marekani mwaka 1996, kampuni ilimvika mtu mwingine mavazi hayo, Jesús Alfonso Huerta Escoboza. Kwanza aliitwa La Parka Junior, ingawa hakuwa mwana wa Tapia. Hatimaye hata neno Junior likaondolewa. Tapia alipotaka kulitumia jina lake, alizuiwa, ikambidi ajiite L.A. Park. Hakuvuliwa barakoa na mpinzani. Alivuliwa na karatasi.

Mtetezi wa kampuni atauliza: Je, si sisi tuliobuni mavazi na kulipa ujira? Ni kweli. Lakini mavazi yaliyotundikwa ukutani hayajapata kushangiliwa na mtu. Fundi cherehani hulipwa kwa nguo aliyoishona. Hadai sifa za aivaaye.

Wala lawama yangu haimwangukii Huerta Escoboza. Naye aliibeba barakoa ile kwa zaidi ya miaka 20, tena kwa gharama kubwa. Oktoba 2019, mjini Monterrey, aliruka kutoka ulingoni akaanguka vibaya, akaumia shingo; Januari 2020 akafariki. Barakoa haina shingo ya kuumia. Mwenye shingo ni mtu. Kampuni ilichuma kwa wote wawili, na haikumwaga damu hata tone.

Kwa hiyo nasema: jina la mwanamieleka lirithiwe kwa idhini ya yule aliyelikuza, yeye au jamaa zake wapate sehemu ya pato, na watazamaji waambiwe wazi ni nani aliye mbele yao. Nanyi vijana, ambao kesho mtatia sahihi hati za kazi, zisomeni hadi mstari wa mwisho. Ulizeni ni kitu gani mnauza: kazi ya mikono yenu, au pamoja nayo jina mtakalojipatia kwa jasho? Kazi ina ujira wake. Jina likishauzwa, kulikomboa ni taabu.