Nendeni Mirihi Nyinyi, Mimi Nipo Hapa

Haya jamani, leo tuongee juu ya hii habari ya kuhamia Mirihi. Siku hizi ukikaa na vijana watatu wa mambo ya kompyuta hapa Nairobi, hukosi mmoja atakayekuambia, tena bila kucheka, kwamba binadamu lazima awe na sayari mbili na kwamba kilichobaki ni roketi tu. Ukimuuliza lini, atakutajia mwaka. Ukimkumbusha mwaka aliokutajia mara ya mwisho, atasema wewe ni mtu wa kukatisha watu tamaa.

Sawa. Basi leo niwakatishe tamaa vizuri, kwa hesabu.

Tuanze na tarehe, maana mtandao hausahau hata kama mashabiki wanasahau. Septemba 2017, kule Adelaide, Australia, Elon Musk alisimama jukwaani akaonyesha ratiba yake: vyombo viwili vya mizigo vitue Mirihi mwaka 2022, watu wafuate 2024. Alisema hayo ni malengo, lakini mashabiki walibeba tarehe wakaliacha neno "malengo" ukumbini. 2022 ikapita. 2024 ikapita. Machi 2025 akaandika kwamba Starship itaondoka kwenda Mirihi mwishoni mwa 2026 ikiwa imebeba roboti aitwaye Optimus, na watu huenda wakatua 2029, ingawa 2031 ina uwezekano zaidi. Miezi miwili baadaye safari hiyo ya 2026 ilikuwa imeshakuwa nusu kwa nusu, kwa kinywa chake mwenyewe. Na Starship yenyewe, hadi jaribio lake la kumi na moja mwezi Oktoba 2025, ilikuwa haijakamilisha hata mzunguko mmoja wa dunia, wala haijawahi kujazwa mafuta na chombo kingine ikiwa angani. Bila kujazwa mafuta huko juu, Mirihi haifiki. Sisi tunaoandika programu ili tulipe kodi ya nyumba tunajua mteja humfanyia nini fundi wa namna hii. Humdai arudishe pesa ya kwanza.

Msinielewe vibaya, sisemi roketi zake ni za karatasi. Falcon 9 ilianza kurudi na kutua wima Desemba 2015, na tumeizoea mpaka hatuangalii tena. Setilaiti yetu ya Taifa-1 ilipandishwa na Falcon 9 hiyo hiyo kutoka Vandenberg, California, tarehe 15 Aprili 2023, na nilishangilia kama Mkenya yeyote. Hiyo ni kazi iliyofanyika, na kazi iliyofanyika naiheshimu. Ugomvi wangu ni na hadithi iliyobandikwa juu ya hiyo kazi, kwamba Mirihi ni bakapu ya binadamu.

Bakapu! Neno hilo wamelitoa kwetu sisi watu wa kompyuta, kwa hiyo tuna haki ya kulidai. Yeyote aliyewahi kutunza data ya watu anajua masharti yake mawili. La kwanza, bakapu isitegemee kile kitu inachokilinda. Seva ya pili inayokula stima kutoka soketi ile ile ya seva ya kwanza ni mapambo tu, stima ikipotea zote mbili zinalala. La pili, bakapu ambayo hujawahi kujaribu kurejesha data kutoka kwake ni matumaini, na matumaini hayafungui mafaili.

Sasa pima Mirihi kwa masharti hayo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama kilomita 400 juu ya vichwa vyetu. Hiyo ni pungufu ya safari ya basi kutoka Nairobi hadi Mombasa. Watu wamekaa mle bila kukatika tangu Novemba 2000, na hadi leo chakula chao, vipuri vyao na dawa zao hupelekwa kutoka ardhini. Hata nguo hawafui: zikichafuka hutupwa, zinaletwa nyingine. Robo karne, umbali wa Mombasa, na bado hawajitegemei. Mirihi ikiwa karibu kabisa iko takriban kilomita milioni 55, na nafasi nzuri ya kurusha chombo kwenda huko huja mara moja kwa kila miezi 26. Pampu ikifa leo na kipuri kisiwepo ghalani, ngoja. Ukitaka kumuuliza fundi wa duniani, swali lako litasafiri dakika 3 ikiwa una bahati, dakika 22 ikiwa huna, na jibu nalo lina safari yake.

Kuhusu hewa ndipo mambo yanapochekesha. Hewa ya Mirihi ni nyembamba, mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya huu wetu, na karibu asilimia 95 yake ni kaboni dayoksaidi. NASA walifunga kwenye chombo cha Perseverance kifaa kidogo kiitwacho MOXIE, kazi yake kutengeneza oksijeni kutokana na hewa hiyo. Kiliwashwa mara 16 kati ya 2021 na 2023, kikatoa jumla ya gramu 122. Mtu mzima huhitaji kama gramu 840 kwa siku. Gawanya mwenyewe: oksijeni yote iliyowahi kutengenezwa na binadamu kwenye sayari ile inakutoa saa mbili asubuhi hadi saa tano na nusu hivi, halafu basi. Nawapa heshima wahandisi wa MOXIE. Walisema ni jaribio, wakajaribu, kikafanya kazi, wakatoa namba. Hawakuuzia mtu kiwanja.

Waliouza viwanja wapo. Mnakumbuka Mars One? Mwaka 2012 Mholanzi Bas Lansdorp alitangaza kwamba atapeleka watu Mirihi kwa tiketi ya kwenda tu, gharama zilipwe na kipindi cha televisheni. Wakajigamba kwamba zaidi ya watu 200,000 wamejitokeza. Mwaka 2014 wanafunzi wa MIT wakauchukua ule mpango, wakauendesha kwenye kompyuta. Kilichotoka hukitegemei. Mimea ya chakula ilitoa oksijeni nyingi kupita kiasi, mpaka hatari ya moto. Kuipunguza ni lazima utoe hewa nje, ukitoa hewa nitrojeni nayo inakwenda, mgandamizo unashuka, na mtu wa kwanza anakosa pumzi kwenye siku ya 68 hivi. Siku 68! Si miale, si baridi, ni sukumawiki. Januari 2019 mahakama ya Basel, Uswisi, ikaitangaza kampuni kuwa imefilisika.

Na msidhani hayo ni ya kwenye kompyuta tu. Mwaka 1991 watu 8 walijifungia ndani ya jumba la vioo kule Arizona, Biosphere 2, wakae miaka miwili bila kuingiziwa kitu. Oksijeni ikaanza kupungua, kutoka asilimia 20.9 hadi 14.5, watu wakawa hawalali vizuri. Vijidudu vya kwenye udongo wenye rutuba vilikuwa vinaila, na kaboni dayoksaidi iliyotokana na hilo ikanywewa na saruji ya jengo lenyewe. Saruji, jamani! Nani angeiweka hiyo kwenye orodha ya hatari? Januari 1993 ikabidi waingiziwe oksijeni kutoka nje. Lakini wao walikuwa na "nje". Nje kulikuwa na Marekani nzima.

Miale na sumu ya perikloreti iliyomo kwenye udongo wa Mirihi siziingii leo, tutakesha.

Mashabiki husema: je, dunia ikipigwa na kimondo, au vita vya nyuklia? Mimi huwajibu hivi. Chukua Chalbi, kule Marsabit, siku yenye jua kali kuliko zote. Iongezee ukame mwingine juu yake. Bado ina hewa ya bure, mvutano uliozoewa na mifupa yako, na anga inayokukinga na miale. Dunia iliyoharibika vibaya bado ni nyumba nzuri kuliko Mirihi iliyo salama. Mwenye uwezo wa kuishi Mirihi anaweza kuishi kwenye magofu ya dunia kwa sehemu ndogo ya gharama. Kwa hiyo hiyo bakapu inakukinga na nini hasa?

Mtu atasema, wewe Mkenya yanakuhusu nini, waache matajiri wachome pesa zao. Yananihusu. Starlink iliingia hapa Julai 2023, na Musk amesema mara nyingi kwamba mapato yake ndiyo ya kugharamia Mirihi, kwa hiyo mwenye kale kasahani juu ya bati huko Kitengela anachangia harambee hii apende asipende. (Watu wa kusoma masharti ya huduma wataikumbuka ile ya 2020: Starlink iliandika kwamba Mirihi ni sayari huru, hakuna serikali ya dunia yenye mamlaka huko. Wameshaandika katiba, bado choo.) Tena tumeshaumwa na nyoka wa aina hii. Julai 2020 tuliletewa maputo ya Loon, yakielea kama kilomita 20 juu, yatumwagie intaneti hadi vijijini. Januari 2021 Alphabet wakatangaza wanayafunga, na Machi 1 huduma ikazimwa hapa kwetu. Miezi minane tu. Kilichobadilisha intaneti ya Kenya ni nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, na sijawahi kuona kijana amevaa fulana yenye picha ya waya wa baharini.

Hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu anga tunayo, tena ya zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kusherehekea uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na orodha yake ya vyanzo ilifika 339. Riccardo Giacconi, aliyekuwa nyuma ya utafiti huo, alipata Nobeli mwaka 2002. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Waitaliano, bahari yetu, jina letu. Hakuna aliyeahidi kumhamisha mtu. Waulize hao vijana watatu wa Nairobi kama wanaijua Uhuru. Mimi nimeuliza. Wanaijua Optimus.

Wanaoijua anga bila kuitaka ni watu wa kijiji cha Mukuku, Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka juu, ikiwa ya moto, na Shirika la Anga la Kenya likaja kuichukua na kusema ni kipande cha roketi. Sasa hapo ndipo pana kazi ya mhandisi kijana wa Kenya: kufuatilia takataka zinazotuangukia, kujua ni za nani, na kumpelekea mwenyewe ankara. Inahitaji data, hesabu na programu nzuri. Ukiniuliza nani anaandika programu hiyo hapa kwetu, nitakuuliza pia. Kama ni wewe, niandikie, nina wikendi mbili hazina kazi.