Pamba ina sheria. Embe lina nani?

Mkulima wa pamba wa Bunda anajua fika kwamba baada ya mavuno hana budi kung'oa masalia shambani na kuyachoma. Hilo si ombi, ni amri. Msingi wake ni mwepesi: mdudu anayesalia katika shamba la jirani ndiye atakayeila pamba yako mwakani. Kwa hiyo dola ilikataa kuliacha jambo hilo katika hiari ya mtu mmoja mmoja.

Sasa tutazame chini ya miembe ya wilaya hiyohiyo wakati wa msimu. Maembe yamelala ardhini yakioza, na ukilipasua moja unakutana na funza. Huyo ni mtoto wa nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis kwa jina la kitaalamu, aliyebainika Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani ya tunda. Funza hula nyama ya embe, kisha hujizika udongoni na kutoka huko akiwa nzi kamili, tayari kuruka ua. Tunda linaloozea kwangu leo ni hasara ya jirani yangu baada ya wiki chache.

Hoja ya pamba, basi, ndiyo hoja ya embe. Mbona jawabu si moja? Mwenye mwembe huambiwa aende dukani akanunue dawa. Ni dawa gani ya kupuliza juu ya ganda itakayomfikia funza aliyekwisha kujificha ndani? Na hata akiisafisha miembe yake yote, afanye nini na nzi wa kitongoji kizima? Wahenga walikwisha kusema: kidole kimoja hakivunji chawa.

Niseme bila kumung'unya maneno. Pamba ilipata ulinzi kwa sababu ilileta ushuru na fedha za kigeni. Embe ni la mama anayepanga mafungu kando ya barabara ya Mwanza na Musoma. Ni la mtoto anayerudi kutoka shule na njaa. Tumezoea kuiita mali ya namna hiyo riziki, wala si uchumi, na riziki ya mnyonge haiundiwi kamati.

Wenzetu wa Kenya walijifunza kwa gharama. Mwaka 2014 walilazimika kujizuia wenyewe kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na soko hilo halikufunguka tena hadi mwaka 2021.

Watakuwapo watakaosema kwamba sheria ndogo ya kijiji itageuka fimbo ya mgambo juu ya bibi mwenye mwembe mmoja. Hofu hiyo ni ya haki, nami ninayo. Ndiyo maana nasema sheria ianze kumbana mwenye ofisi. Halmashauri ichimbe shimo la kufukia matunda mabovu katika kila kitongoji, lenye kina cha kumzuia nzi asitoke. Igawe mitego yenye kivutio cha madume. Afisa ugani aonekane mwembeni, si semina tu. Hayo yakitimizwa, ndipo kijiji kitakapokuwa na uso wa kumdai kila kaya iokote maembe yake yaliyoanguka.

Tunayo Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyozaliwa nayo. Mabaraza ya vijiji yana uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu mwaka 1982. Kinachokosekana Bunda si maarifa wala mamlaka. Diwani atakapokuja kuomba kura, aulizwe jambo moja tu: shimo la kitongoji chetu liko wapi?